Nani Ataonja Maji

Zuhura mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga shangazi zako, na nyumba imenyamaza hata nasikia kuku wa jirani wakiparura nyuma ya choo. Nimekaa barazani na kalamu yako ya bluu uliyoisahau dirishani. Jua bado lipo, na hutarudi kabla ya magharibi, maana kwa Mwajuma hakuna anayeondoka hajala. Nikimaliza nitaiweka barua hii juu ya begi lako. Isome leo hii, usingoje mpaka uwe ndani ya chapa, kibasi cha alfajiri. Nilichosikia mchana kinataka jibu kabla hujapanda.

Mwajuma alipita hapa ulipokuwa unaoga. Hakuketi, alisimama mlangoni na kanga yake begani, nikajua ana neno.

"Kaka, mtoto haendi."

"Haendi wapi?"

"Nacala. Ameniambia kukicha atasema tumbo linamkata. Anasema hawezi kukuacha peke yako humu ndani."

Nikacheka. Nikamwambia, tumbo! Mtoto amesoma miaka yote hii, amekosa hata uongo wa maana? Mwajuma naye akacheka, akaenda zake. Alipopinda kona sikucheka tena. Nafasi ile ya kiwanda cha unga, kitengo cha ubora, umeihangaikia tangu umalize chuo, na sasa unataka kuitupa kwa ajili ya mzee anayekoroma.

Kwa hiyo sitakuambia ubebe nini wala ufunge vipi begi. Hayo unayajua kunizidi. Nataka tumalize maneno tuliyoyaacha njiani wiki iliyopita, siku uliyolikuta jedwali langu mezani.

Nililichora jedwali lile kwa moyo wangu wote, Zuhura, kama tulivyozichorea pampu kiwandani. Kila linaloweza kukuharibikia nililipa mstari wake: chapa kufia njiani, barabara kufungwa, homa, chumba kisicho na komeo, bosi asiyetuliza mikono. Kila mstari nikaupimia ubaya wake, na uwezekano wake, na kama tutaliona mapema au litatushukia ghafla. Ukalisoma umesimama, mwiko mkononi, nami nikingoja unisifu. Ukasema, "Baba, jedwali zima ni mimi. Wewe uko mstari gani?"

"Mimi si pampu!" nikafoka.

"Pampu angalau hupiga kelele ikiharibika," ukasema, ukarudi jikoni. Tangu siku ile tunaongea habari za chumvi na mkaa tu.

Leo nilianza barua hii kwa kukudanganya. Niliandika: nenda mwanangu, mimi niko sawa, sina shida yoyote. Nikaisoma, nikaichana. Kazi niliyoifanya maisha yangu yote ina dhambi moja iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kuandika namba nzuri mahali pa namba ya kweli ili mchoro upendeze. Kiwandani nilimfukuza mtu kwa hilo. Sitaki kulifanya kwako, tena siku ya mwisho.

Nikupe kwanza habari ya barafu. Unajua vipande vyake, lakini nadhani hujawahi kuipata nzima, na mambo haya wewe umeyasoma kwenye vitabu, mimi nimeyajua kwa kuumia. Nivumilie.

Ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Kiwanda chetu cha barafu kilikuwa pale chini, jirani na soko la samaki. Barafu yetu haikuwa ya kunywa, ilikuwa ya samaki; wavuvi waliibeba mpaka kisiwa cha Macaloe na kurudi nayo imefunika changu na kolekole. Kazi yangu ilikuwa kupima ubaridi wa tanki na kuweka nukta kwenye chati iliyobandikwa ukutani. Injinia aliyetoka Nampula ndiye aliyenifundisha. Kuna mstari wa katikati, wa juu na wa chini. Nukta zikipanda na kushuka baina yake, hiyo ni pumzi ya mashine, iache ipumue. Nukta ikiruka nje ya mistari, kuna jambo, simamisha, tafuta.

Wallahi niliipenda chati ile. Kabla yake tulikuwa tunafanya kazi kwa kelele na kubahatisha. Mama yako akinitania kwamba ningepata nafasi ningeining'iniza chumbani mahali pa kioo.

Yeye alikuwa na meza ya chai getini, na maji akichota bomba la kiwanda. Sasa kisima chetu kilikuwa karibu mno na bahari. Kiangazi, tukivuta maji kwa wingi, chumvi hupenya chini kwa chini. Na wa kwanza kujua alikuwa mnywaji chai. "Mama Zuhura, leo umekosea kopo? Umetia chumvi?" Unamjua mama yako, haambiwi chai yake mbaya. Anapaaza sauti hadi ndani: "Afonso! Maji yenu haya!" Afonso, fundi wetu wa pampu, anazima, anakiacha kisima kipumzike, tunahamia kisima cha juu. Siku kadhaa baadaye tunarudi. Hakuna aliyeliandika popote. Hakuna aliyejua kwamba ile ni kazi. Tuliona ni makelele ya getini tu.

Mwaka ule Ramadhani ikaangukia kiangazi. Mama yako akaiinua meza yake, kama kila mwenye meza. Sote tukafunga. Akabaki Afonso, Mmakonde wa Mueda, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mtu pekee kiwandani aliyeweza kunywa maji mchana. Lakini Afonso ana adabu zake. Alisema haiwezekani amimine maji mbele ya watu wenye kiu, kwa hiyo akawa anakunywa kwake kabla ya kuja, kwenye mtungi wa mkewe, na mchana kutwa anakaa mdomo mkavu kama sisi. Tukamsifu sana kwa hilo. Umeona lakini? Sisi saumu ilitufunga midomo, yeye akafungwa na heshima, kiwanda kizima kikakosa ulimi.

Na chati yangu, mwanangu, mwezi ule ilikuwa nzuri kuliko miezi yote. Nukta zimekaa katikati kwa adabu. Nilikuwa nawaita watu waione.

Barafu ya maji ya chumvi huganda sura tu. Ukiipanga ndani ya sanduku inakuwa laini, inalegea, inakimbia kabla ya wakati wake. Asubuhi moja akaja Bi Mwanashe, yule mchuuzi mkubwa wa samaki aliyekuwa akinunua kwa watu wa Macaloe. Alikuja na kapu kichwani, akalipindua mlangoni pangu. Samaki wakamwagika miguuni.

"Onja barafu yako," akasema.

"Nimefunga, bibi."

"Basi nusa! Kunusa hakuvunji saumu!"

Sikuhitaji kuinama. Akaniambia wote wako hivyo, mzigo mzima, na kwamba kule Macaloe kuna watu wamevua usiku na mchana kwa tumbo tupu na sasa wanatupa samaki baharini. "Wewe ulikuwa unatazama nini?" Mimi, kwa ujinga wangu, nikamwonyesha ukutani. Nikamwambia natazama chati, na chati iko sawa.

Akaitazama, akanitazama. "Basi leo kawafuturishe watoto wao hiyo chati," akasema. Akaokota kapu lake, samaki akawaacha palepale.

Nilizoa samaki wale mwenyewe. Harufu yao ilikaa kwenye viatu vyangu hadi Idi, na aibu yake imekaa zaidi ya hapo.

Baada ya Idi injinia akarudi, akatukusanya wote, hata mfagiaji, tukakaa kwenye jamvi. Safari ile hakuleta chati. Alichora jedwali, akauliza maswali kinyumenyume. Hakuuliza kimetokea nini. Aliuliza nini kinaweza kutokea. Kikitokea nani anaumia? Kitaletwa na nini? Na la mwisho, lililotutoa jasho: nani ataona? Tukafika mstari wa maji kuingia chumvi. Nani ataona? Huyu anamtazama huyu. Halafu Afonso akasema taratibu, "Chai."

Tukacheka mpaka injinia akakasirika, akadhani tunamdhihaki. Tukamweleza. Akaandika pale pale kwa mkono wake: chai ya Mama Zuhura. Kisha akainua kichwa akauliza, "Na asipokuwepo?"

Hapo hakuna aliyecheka. Tukatafuta kipimo cha chumvi, tukakifunga kwenye bomba, nacho kikapata chati yake ukutani. Ndipo nilipoelewa kitu ambacho kwenu shuleni nimesikia mnabishania, kipi bora kati ya viwili hivi. Jedwali hukuambia uweke jicho wapi. Chati ndiyo jicho lenyewe. Mwenye chati bila jedwali atalinda mlango mmoja wa nyumba yenye milango mitatu, kama mimi. Na mwenye jedwali bila chati amekaa na woga wake, amemwandikia kila adui jina, na hajui aliyekwisha kuingia ni yupi. Mimi nimekuwa watu hao wawili kwa zamu, na mara zote mbili umeumia wewe.

Hapa ndipo pagumu.

Vita vilipotufukuza hapa Palma tukakimbilia Pemba ya kusini na kukaa uani kwa watu, mama yako alianza kubakisha chakula. Kidogo tu. Leo tonge mbili, kesho tatu. Akawa anapumzika mara moja njiani kwenda bombani, kisha mara mbili. Ukimuuliza, "Nimechoka tu, baba Zuhura." Injinia alinifundisha sheria nyingine ya chati, nami nikaifundisha wengine kwa majivuno: nukta zikifuatana upande ule ule, zinashuka tu bila kupanda, hata kama zote zimo ndani ya mistari, usilale, kuna kitu kinasogea. Kiwandani nisingeikosa. Uani pale nilikuwa nikimtazama mama yako kila siku, na kila siku nikasema, leo si mbaya kuliko jana sana. Sote tulikonda, nikasema ni ukimbizi. Sote tulichoka, nikasema ni kulala chini. Nilipanua mistari, Zuhura. Niliipanua ili mama yako aendelee kutosha ndani. Nilipompeleka hospitali, daktari aliniuliza ameanza lini, nikashindwa kumjibu, mimi niliyekuwa naweza kukuambia tanki lilikuwa na ubaridi gani tangu asubuhi.

Hujanilaumu hata siku moja. Wakati mwingine natamani ungenilaumu.

Basi tuliporudi Palma, nikaugeukia upande wa pili. Nikaamua hakuna kitakachonipita tena. Nikaanza kukuandikia majedwali. Mwaka jana ulipoitwa Beira nilikaa na karatasi, nikaorodhesha mabaya hadi pakajaa, nikakuonyesha, nikasema unaona mwenyewe, haifai. Hukubisha. Ulikwenda nyuma ukatwanga mahindi yaliyokwisha kutwangwa. Nilisikia kinu, nikajua kinalia nini, nikajifanya nasoma. Nililiita jina zuri, tahadhari. Tahadhari isiyoruhusu mashine kuwashwa haijalinda kitu, mwanangu. Inaiacha ipate kutu. Na nilipokosa jedwali la kukuzuia safari hii, kwa kuwa umekuwa mtu mzima na nafasi ni nzuri, inaelekea nimepata njia nyingine: nimekaa kimya na sura yangu hii mpaka umeamua kuumwa tumbo.

Sikukusudia. Ila nikiwa mkweli, Mwajuma aliposema huendi, kabla ya kicheko kulikuwa na kitu kingine kifuani. Furaha. Ilipita upesi, lakini niliiona.

Kwa hiyo nimelichukua jedwali leo, nikachora mstari mmoja chini kabisa, wangu. Umesema pampu hupiga kelele. Haya, napiga.

Nini kinaweza kuharibika: baba yako atakuwa mpweke. Sisemi pengine. Nimeandika ni hakika. Nitapika wali wa watu wawili kwa kusahau. Nitakuita uniletee miwani, na miwani itakuwa usoni. Usiku nitalisikia komeo la mlango wa nyuma nikidhani ni wewe, nitasema "Zuhura?", na nitajisikia mjinga. Jioni ndiyo itakuwa mbaya, saa hizi hizi za sasa, maana hata leo umekwenda mtaa wa pili tu na mimi nimekwisha kutoka kutazama njia mara kadha wa kadha. Nakuogopea, ndiyo, lakini najiogopea pia. Nimeandika na hilo.

Kitaletwa na nini: kwa sababu nilijenga maisha yangu yote ndani ya ua huu, na tulipompoteza mama yako nikakukabidhi wewe yote yaliyokuwa yake, chai na mazungumzo na kunigombeza, wala sikukuuliza kama unataka. Hilo si kosa lako na si la Nacala.

Nini cha kufanya: hapa nilikaa sana. Upweke hauna vali. Lakini Afonso bado yupo, unamjua, siku hizi anatembea na fimbo na anaongea peke yake. Nilimwendea baada ya adhuhuri. Nikamwambia kuanzia kesho nitakunywa chai kwake asubuhi. Akanitazama. "Mestre," akaniita kama enzi za ukubwa wangu kiwandani, "mke wangu chai yake mbaya." Nikamwambia sijafuata utamu. Akasema, "Basi njoo, tutaonjana." Alikumbuka, mzee yule. Tulikaa pale tunacheka kama wendawazimu, mkewe akatoka kuuliza kuna nini, hatukuweza kumweleza.

Na wewe huko, niache niseme moja tu. Afonso alipokuwa mgeni kazini, akiona ubaridi umepanda kidogo anafungua vali, ukishuka kidogo anafunga, kutwa hivyo hivyo, mpaka ubaridi wa tanki ukawa unayumba kwa sababu ya mkono wake. Injinia akamwambia aweke mikono mfukoni. Nami nitajitahidi kuweka yangu. Utakuwa na siku mbaya na siku nzuri, bosi atakununia, utalia chooni, utacheka na watu nisiowajua. Hiyo ni pumzi. Sitapanda chapa kwa kila kikohozi. Lakini zikifuatana, Zuhura, zikishuka tu bila kupanda, usijipanulie mistari kwa kuwa wengine wote nao wamechoka. Niambie. Nami nikisikia sauti yako inasogea nitakuuliza mara ya pili, na mara hiyo usiniambie umechoka tu.

Imebaki safu ya mwisho, ile ya nani ataona.

Afonso ataona nikikonda. Mwajuma ataona nguo chafu, na mtaa mzima utasikia. Lakini niliyakosa ya mama yako kwa kuwa aliniambia maneno yale yale kila siku kwa sauti inayopungua, na sauti yangu hakuna anayeijua zaidi yako. Tangu ulipoanza kusoma mpaka leo nakuambia, ukipata shida nipigie. Hata mara moja sikuwahi kusema nipigie kwa ajili yangu. Niliona aibu. Mwanamume mzima, mpimaji, amwombe mtoto amtazame.

Basi nakuomba. Ijumaa baada ya swala, nipigie. Uniulize nimekula nini, na usikubali jibu la kwanza.

Magharibi inaadhiniwa na wewe nakuona mwisho wa njia, umebeba kitu kichwani, bila shaka ni mihogo ya Mwajuma. Nakunja karatasi. Pale kwenye safu ya mwisho, mbele ya mstari wangu, nimeandika jina lako, na jina hilo linafanya kazi likiwa Nacala sawasawa na likiwa jikoni humu. Kwa hiyo kesho alfajiri nitakugongea mlango, na ukiniambia tumbo linakuuma nitakujibu, amka mama, hata mimi linaniuma, twende nikubebee begi.

Baba yako